Naamka usiku nikiukung'uta mkono: je, niache cherehani?

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, na mwaka huu natimiza miaka 17 kwenye kazi hii. Nakuandikia kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, maana wa kulia leo umegoma.

Ilianza kidogo kidogo, miezi kama minane iliyopita. Nilikuwa naamka usiku wa manane nakuta mkono wa kulia umekufa ganzi, vidole vimejaa kama si vyangu, vinachomachoma kama vinadungwa sindano. Nakaa kitandani, nauning'iniza pembeni, naukung'uta kama mtu anayekung'uta maji, na baada ya dakika chache unarudi. Nilidhani nimeulalia. Nikabadilisha upande, nikabadilisha mto, wapi! Sasa hali imefika mchana. Nikikata kitambaa kizito, jinzi hasa, hata dakika kumi haziishi, ganzi imeshapanda. Wiki iliyopita kikombe kiliniponyoka mbele ya mteja. Na kutunga uzi kwenye sindano, kitu nilichokuwa nakifanya huku napiga soga, siku hizi namwita mwanafunzi wangu anitungie.

Ushauri nimepewa wa kila aina. Jirani anasema ni baridi yabisi, nisinawe maji ya baridi baada ya kupiga pasi. Mama mkwe anasema damu haitembei, akanifunga bendeji ya mpira, akaikaza kweli kweli; usiku ule sikulala kabisa. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuchapa kwenye kompyuta, anasema dalili zangu anazijua, ni ugonjwa wa watu wa kompyuta, na fundi cherehani hawezi kuupata. Mimi nimekunywa vidonge vya maumivu mpaka tumbo nalo limeanza.

Kazi yangu iko hivi. Asubuhi nakata, na nikiwa na oda ya sare nakata tabaka nane mpaka kumi kwa pamoja. Natumia mkasi alioniachia mwalimu wangu, mkubwa, mzito, wa chuma kitupu, wa mpini ulionyooka, na pete yake imeniotesha sugu kwenye gumba. Siubadilishi kwa chochote. Mchana nashona. Jioni nafumua makosa, natia vifungo, napiga pasi. Usiku watoto wakishalala najibu wateja kwenye simu, nimelala chali.

Nina maswali matatu. Hiki ni kitu gani? Niache cherehani, ambayo ndiyo inayotulisha? Na mwanafunzi wangu, binti wa miaka 19, juzi ameanza kuniambia mkono wake "unasinzia". Nimfundishe vipi asifike nilipofika mimi? Sijui kama linahusika, lakini mama yangu mzazi ana kisukari.

Fundi mwenye mkono uliogoma

*

Marahaba, mwanangu.

La cherehani nalijibu kwanza ili haya mengine uyasome ukiwa umetulia: usiache. Isome tena barua yako. Cherehani imepata maneno mawili tu, "mchana nashona". Mkasi umepata maelezo marefu, umetajiwa uzito, mpini, pete na sugu. Mkono wako unamjua anayeuumiza, umemtaja bila wewe kukusudia.

Chukua kipande cha uzi. Kaa, fumba macho, mwambie binti apitishe ncha ya uzi polepole kwenye vidole vyako upande wa kiganja, kimoja kimoja. Akifika kidole cha pete apitishe mara mbili: kwanza ubavu unaoelekea kidole cha kati, kisha ubavu unaoelekea kidole cha mwisho. Nadhani kidole cha mwisho kitausikia uzi vizuri, na ule ubavu wa jirani yake pia. Lakini gumba, cha shahada, cha kati na ule ubavu wa kidole cha pete unaoelekea kidole cha kati vitakuwa kama vimevaa glavu. Ikiwa ndivyo, una kidole kimoja ambacho nusu inasikia na nusu haisikii. Damu isiyotembea haiwezi kukigawa kidole katikati kwa ustadi huo, wala baridi yabisi. Inayogawa hivyo ni neva, yaani mshipa wa fahamu.

Neva hiyo inatoka shingoni, inashuka mkono mzima, na ikifika kwenye kifundo inaingia kwenye handaki jembamba. Sakafu na kuta za handaki hilo ni vifupa 8 vya kifundo cha mkono. Dari yake ni ukanda mgumu usiovutika. Humo ndani neva imesongamana na kano 9 zinazokunja vidole, kano ngumu kama kamba, na yeye ndiye laini kuliko wote. Kano zikivimba kidogo tu, au kifundo kikipindwa, anayebanwa ni yeye. Kidole cha mwisho kinahudumiwa na neva nyingine isiyopita njia hiyo, ndiyo maana kimesalimika. Ugonjwa wenyewe madaktari huuita sindromu ya handaki la kapali, na kwa dalili ulizoniandikia, hasa hiyo ya kuamka na kuukung'uta mkono, ningeshangaa sana kama ungekuwa kitu kingine. Atakayethibitisha, hata hivyo, ni daktari atakayeushika mkono wenyewe.

Baba watoto mwambie, kwa heshima zote, kwamba James Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alieleza neva hii ikibanwa kifundoni kwa mgonjwa aliyevunjika mfupa, na hiyo ilikuwa mwaka 1854. Kompyuta ilikuwa bado sana. Kazi zinazoongoza kwa kuleta shida hii ni zile za kukaza kwa nguvu na kurudiarudia huku kifundo kimepinda, au kushika mashine zinazotetema: wakata nyama viwandani, watoboa zege, mafundi kama wewe. Kuchapa peke yake hakuna ushahidi mzito kiasi hicho. Lakini asicheke, lake linakuja huko chini.

Turudi mezani kwako. Ushike ule mkasi wa mwalimu, usikate, ushike tu kama unayetaka kuanza. Sasa tazama kifundo. Kwa kuwa mpini umenyooka sambamba na makali, ili ubapa wa chini ulale juu ya meza vidole vyako vingehitaji kupita ndani ya mbao. Haviwezi. Kwa hiyo ama unakiinua kitambaa, ama unakipinda kifundo kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na nina hakika unafanya yote mawili. Kifundo kikiwa kimepinda hivyo ndipo unapoanza kukaza, na tabaka kumi za kitambaa zinakaza nazo. Shinikizo ndani ya handaki hupanda mara kadhaa kifundo kinapopindwa, hata kabla ya nguvu ya vidole kuongezwa. Wewe unaongeza na nguvu, kata baada ya kata, asubuhi nzima.

Mkasi wa kukatia wenye mpini uliopinda kwenda juu uliundwa kwa sababu hiyo hasa. Ubapa wa chini unalala mezani na kuteleza, vidole viko juu, kifundo kimenyooka. Najua umesema huubadilishi kwa chochote. Sikuambii uutupe. Utumie kwa vitu vyepesi ukiwa umeshika kitambaa mkononi, na jinzi na mirundo ya sare ipewe mkasi mwingine. Wa pete pana, tafadhali, ile ya chini iingie vidole vitatu au vinne, ili nguvu itoke kiganja kizima isiegemee gumba.

Halafu makali. Mkasi butu ni nusu ya ugonjwa huu na watu hawauhesabu, kwa sababu haubutuki siku moja. Unabutuka huku mkono unazoea kuongeza nguvu. Jaribu kukata kitambaa laini cha bitana kwa ncha tu ya mkasi. Kikikunjika katikati ya makali badala ya kukatika, umechelewa kunoa. Angalia na skrubu ya katikati. Fungua mkasi, uushike mpini mmoja, uuachie wa pili: unatakiwa ushuke wenyewe kidogo kisha usimame. Ukining'inia hewani bila kusogea, umekazwa mno au umekauka, na kila ukifungua na kufunga unapigana na skrubu, si kitambaa. Tone moja la mafuta ya cherehani na robo mzunguko wa bisibisi vinaweza kukupunguzia kazi zaidi ya kidonge chochote ulichokunywa. (Wapo mafundi wanaosafisha mashine yao kila wiki kwa brashi, mkasi hawajaufuta tangu waununue. Nimewaona.)

Tabaka kumi ziwe nne. Utasema utachelewa. Utakata mara nyingi zaidi, ni kweli, lakini neva haijali sana idadi ya kata nyepesi kama inavyojali kata nzito. Na usikate asubuhi nzima mfululizo. Kata kwa dakika 20, nenda kashone, rudi ukate. Siku itabeba kazi ileile, tofauti ni kwamba mkono unabadilishiwa mzigo kabla haujaanza kulia. Wakati wa kubadilisha, mikono ishuke pembeni, ikunjue vidole na kuvikunja taratibu mara tano au sita. Mazoezi hayo yanasaidia kano ziteleze, ila usiyategemee yafute siku nzima ya kukata vibaya.

Meza ya kukatia iwe chini ya kiwiko chako kwa shubiri moja hivi ukiwa umesimama. Ikiwa fupi mno utainama, ikiwa ndefu mno mabega yatapanda na kifundo kitalipa. Ni rahisi kuinua miguu ya meza kwa vipande vya mbao kuliko kupunguza urefu wako.

Kufumua ndiko kunakoniogopesha zaidi baada ya mkasi, kwa sababu kunaonekana kazi ndogo. Kile kifaa cha kufumulia kina mpini mwembamba kama kalamu, na kukibana kwa ncha za vidole kunakaza kano kuliko kushika kitu kwa kiganja chote. Uviringishie mpini wake utepe wa kitambaa, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka unene kama kidole gumba chako. Sindano ya vifungo haiwezi kunenepeshwa, kwa hiyo vaa subana, kile kikofia cha ncha ya kidole, na uisukume badala ya kuivuta. Pasi iache iteleze kwa uzito wake. Ukijikuta unaikandamiza, kitambaa kinahitaji unyevu, si msuli.

Na simu. Umelala chali, umeinyanyua juu ya uso, kifundo kimekunjwa, gumba linachapa, saa nzima, baada ya siku ya namna hiyo! Watumie wateja ujumbe wa sauti. Watakusikia vizuri tu.

Sasa usiku. Tukilala wengi wetu tunaukunja mkono chini ya shavu au chini ya mto, kifundo kimepinda saa nyingi bila sisi kujua, ndiyo maana neva inaamka na kukuamsha. Tafuta banzi laini la kifundo, lile lenye ubao mwembamba upande wa kiganja, linaloshika kifundo kikiwa kimenyooka. Livae kila usiku kwa wiki 6 hivi, si usiku mmoja ukakata tamaa. Lisikaze: kidole kiweze kupita kati ya banzi na ngozi. Bendeji ya mpira ya mama mkwe ilikuwa na nia njema, lakini ilikibana kitu ambacho tatizo lake ni kubanwa, na hilo ndilo lililokunyima usingizi. Mchana ukiwa kazini usilivae, utajikuta unapigana nalo na kukaza zaidi.

Vidonge vya maumivu acha. Kwa neva iliyobanwa havifanyi kazi kubwa, na vikinywewa mfululizo vinaumiza tumbo, kama ulivyokwisha kuona, na figo pia.

Hospitali uende, na usiende mwezi ujao. Kikombe kinachoponyoka na uzi usiotungika vinaonyesha kwamba jambo hili limeshavuka kuwa la ganzi ya usiku tu. Kabla hujaenda, weka viganja viwili mapajani, vimeangalia juu, ulinganishe ile nyama nene chini ya gumba. Kama ya kulia imebonyea kuliko ya kushoto, mwambie daktari sentensi ya kwanza kabisa, kwa sababu msuli ule unalishwa na neva hiyohiyo na ukishakonda sana haurudi kirahisi. Mwambie pia habari ya mama yako. Kisukari kinahusika, tena sana, na unaweza kuwa nacho bila kujua. Upimwe sukari, na tezi ya shingo pia, kwa kuwa ikifanya kazi kwa uvivu huleta dalili hizihizi. Ujauzito nao huleta, na mara nyingi hali hutulia baada ya kujifungua, kwa hiyo kama kuna uwezekano huo usiufiche. Huenda wakapima kasi ya umeme kwenye neva. Banzi likishindwa kuna sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, inayotuliza kwa wiki au miezi, na mwisho kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule ukanda wa darini ili handaki lipanuke. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, ila nguvu ya kukaza mkono huchukua wiki kadhaa hadi miezi kurudi. Nakutajia ili ukiusikia usikimbie.

Jambo moja la pembeni lakini zito: ganzi inayokuja ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito, hiyo si habari ya kifundo. Hapo ni kukimbilia hospitali dakika hiyohiyo.

Baba watoto, nilikuahidi. Vile vimiguu vya nyuma vya kibodi vikunje, vinakiinua na kukipinda kifundo kwenda juu. Kipanya kisogee karibu usikifuate kwa mkono ulionyooka. Usiegemeze kifundo kwenye ukingo wa meza, handaki lenyewe liko hapo chini ya ngozi. Na usizigonge herufi kama unapigilia misumari. Yanatosha.

Binti nimemweka mwisho kwa sababu yeye ndiye tunayeweza kumkinga kabisa. Mfanyie kwanza kipimo alichokieneza daktari wa Marekani, George Phalen: agusanishe migongo ya viganja viwili mbele ya kifua, vidole vikiangalia chini, vifundo vimekunjwa, akae hivyo dakika 1. Ganzi ikimjia kwenye gumba na vidole viwili vya jirani, naye aende akaonwe. Isipomjia, bado kusinzia kwa mkono kusipuuzwe kwa kuwa ni kijana.

Nadhani nimeshajua anachofanya. Anakata kwa mkasi wako ukiwa umeuweka chini, au siyo? Mkono wake ni mdogo kuliko wako, pete zinamcheza, kwa hiyo anaukaza mkasi mara mbili: mara moja usimponyoke, mara ya pili ukate. Na kwa kuwa wewe mkono unakuuma, kufumua kote kwa jioni kumehamia kwake. Mpe mkasi wa saizi yake. Kufumua mgawane, na akiwa anafumua mkao wake uwe wa kiwiko mezani, kazi imeinuliwa karibu na macho, siyo amekunja mikono mapajani. Akifundishwa kukata, umtazame kifundo kabla ya kumtazama mstari wa chaki. Mstari ukienda upande utaurudisha, kifundo kikizoea kupinda kitakusumbua kukinyoosha. Na umwambie aseme mkono ukianza kufa ganzi. Wanafunzi huogopa kuonekana wavivu mbele ya fundi wao, wananyamaza, kama ulivyonyamaza wewe miezi minane.

Ukishapimwa niandikie, na safari hii mwambie yeye akuchapie. Ule mkasi wa mwalimu upeleke ukanolewe kesho, kabla hujagusa jinzi.